Gereji yenye mlango mmoja tu wa kupanda juu: ukikwama ndani au nje, anza hapa

Gereji ninayoizungumzia ni ile ya nyumbani, ya kulaza gari, iliyojengwa peke yake uani, isiyo na mlango mwingine wowote isipokuwa ule mkubwa wa vipande unaopanda juu na kulala darini. Mimi ni fundi wa milango hiyo hapa Dar es Salaam. Nyingi ninazoitwa kuzitazama zina ukuta wa nyuma mzima, na dirisha kama lipo lina nondo. Mwenye nyumba aliridhika siku ya kwanza kwa sababu mwizi hana pa kupitia. Tatizo huja siku ya pili: umeme ukikatika, au Luku ikiisha, na yeye mwenyewe hana pa kupitia.

Msimamo wangu ni huu, na ndio ninaopimia kila tatizo hapa chini: gereji ya namna hii lazima iwe na njia ya kutoka ukiwa ndani na njia ya kuingia ukiwa nje, na zote mbili zifanye kazi bila umeme. Ikikosa mojawapo, mlango huo haujakamilika hata kama rimoti inaitika vizuri.

Uko ndani, mlango umefungwa, umeme hakuna

Achana na rimoti. Tazama juu, katikati ya gereji, kwenye reli ndefu inayotoka kwenye mota hadi mlangoni. Kuna kigari kidogo kinachotembea kwenye reli hiyo, na kwenye kigari inaning'inia kamba, mara nyingi nyekundu, yenye kishikio mwishoni. Ivute chini kwa nguvu. Utasikia mlio mkavu wa chuma. Hapo mota na mlango vimeachana. Sasa shika mlango upande wa chini, kunja magoti, nyanyua taratibu kwa mikono miwili.

Mlango wa gari moja unaweza kuwa na kilo 60, 100 au zaidi, lakini springi zikiwa nzima mtu mzima wa kawaida anaunyanyua bila kutoa jasho. Springi ndizo zinazobeba uzito. Mota inasukuma na kuvuta tu. Kwa hiyo ukivuta kamba na mlango ukabaki mzito kama umepigiliwa misumari, usijilazimishe. Kwanza angalia komeo la pembeni. Milango mingi ina komeo la kusukuma kwa mkono, ulimi wake unaingia kwenye tundu la reli ya ukutani, na ndani ya giza ni rahisi kusahau kwamba limefungwa. Mulika kwa simu pande zote mbili.

Komeo likiwa wazi, mulika juu ya mlango. Springi ya kujinyonga imekaa kwenye mhimili uliolala juu ya fremu. Ukiona imeachana katikati, na pengo la kupitisha vidole viwili au vitatu kati ya vipande, hiyo imekatika. Kuna watu husikia mlio kama wa bunduki usiku, asubuhi wanakuta mlango haupandi. Mlango wenye springi iliyokatika unahitaji watu wawili au watatu wenye nguvu, na ukishapanda lazima uzuiwe kwa gogo imara au koleo la kubana kwenye reli, chini ya gurudumu, pande zote mbili. Ukiwa peke yako, piga simu na usubiri. Mgongo ukiumia ndani ya chumba ambacho huwezi kutoka, shida zinakuwa mbili.

Onyo moja nalirudia kwa kila mteja: kamba ile ivutwe mlango ukiwa chini kabisa. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika au imechoka, hakuna kinachoushika tena, nao unashuka wote kwa pamoja juu ya kilicho chini yake.

Kamba yenyewe haipo

Mwaka mmoja niliitwa Tabata, saa tatu usiku. Mzee mmoja mstaafu alikuwa ameingia gerejini kuchukua betri ya gari, akabonyeza swichi ya ukutani mlango ukashuka, na dakika chache baadaye mtaa mzima ukawa giza. Simu aliiacha sebuleni. Akagonga bati la mlango kwa spana mpaka jirani akasikia. Nilipofika, mazungumzo yetu yakawa kupitia ufa wa mpira wa chini.

"Shikamoo mzee. Juu ya kichwa chako kuna kamba nyekundu, unaiona?"

"Marahaba kijana. Kamba hakuna hapa. Nimepapasa reli yote."

Umeme uliporudi karibu saa nne na nusu, mlango ukafunguliwa kwa rimoti, nikapanda ngazi kuona. Kwenye kigari kulikuwa na kisiki cha kamba cha urefu wa kidole kidogo, ncha yake imeyeyushwa kwa kiberiti ili isifumuke. Fundi aliyefunga mlango aliikata makusudi. Alimwambia mzee kwamba wezi huingiza waya juu ya mlango na kuivuta kwa nje.

Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mbinu hiyo ipo kweli. Lakini dawa yake si kukata kamba. Unaweka kikinga cha bati au plastiki ngumu nyuma ya kigari ili waya usifike, na unaziba nafasi ya juu ya mlango kwa mpira. Kamba inabaki, kishikio kiwe kama sentimeta 180 kutoka sakafuni, mahali ambapo mtu mzima anakifikia lakini hakigusi paa la gari. Ukikuta kamba imefungwa fundo juu, imezungushiwa reli, au imebadilishwa kwa waya mwembamba wa umeme, hesabu kwamba haipo. Kagua yako leo. Ni kazi ya dakika moja, nami bado sijaelewa kwa nini wengi wetu hatuifanyi.

Uko nje, umeme hakuna, na ndani hakuna mtu

Kwenye gereji iliyoungana na nyumba ungepitia jikoni. Kwenye hii yetu, kamba ya dharura iko upande usiokufaa. Ndiyo maana mlango wa aina hii unatakiwa kuwa na kitasa kidogo cha nje cha dharura. Ni silinda ya mviringo, kubwa kidogo kuliko sarafu, inayofungwa sehemu ya juu katikati ya mlango. Unazungusha ufunguo, unaichomoa silinda nzima, nayo inakuja na waya wa chuma uliounganishwa kwa ndani na kile kigari. Unavuta waya, mota inaachia, unanyanyua mlango.

Ukikuta mlango hauna kitasa hicho, cha kufanya ni kukifunga kabla ya shida, maana siku ya shida utabaki na msumeno wa chuma tu. Ukiwa nacho na hakifanyi kazi, sababu ninazozikuta ni tatu. Ya kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi ya pwani hula silinda isiyotumika. Ufunguo unaingia nusu au haugeuki. Ipulizie unga wa grafiti au dawa kavu ya vitasa kila baada ya miezi michache na uizungushe. Usimwagie oili chafu ya injini, maana hiyo inashika vumbi na kukomaa kama gundi. Ya pili, waya umechomoka upande wa ndani: silinda inatoka vizuri, lakini unavuta hewa. Hii hutokea baada ya mota kubadilishwa, fundi mpya asijue waya ule ni wa nini. Ya tatu inaniuma kila nikiikuta: ufunguo upo, mzima, umetundikwa kwenye msumari ndani ya gereji.

Wenye shata la kujikunja nao wajikague. Mashata mengi ya mota huja na mnyororo au hendeli ya kuzungusha kwa mkono, ila viko ndani. Muulize fundi wako kwa maneno haya haya: umeme ukikatika na mimi niko nje, nafungua vipi? Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, usilipie kazi bado.

Umeme umerudi, mota inaunguruma, mlango hausogei

Mara nyingi kigari hakijanasa tena. Kwenye mota nyingi kinajinasa chenyewe ukibonyeza swichi na mota ikatembea mpaka mahali pake; nyingine zina wenzo mdogo wa kukirudisha kwa mkono. Kabla ya kubonyeza, hakikisha komeo la pembeni liko wazi. Mlango ulioachanishwa na mota haujafungwa, yeyote anaweza kuunyanyua, kwa hiyo watu hufunga komeo usiku wa giza, na hilo ni sahihi. Asubuhi mwingine anabonyeza rimoti, mota inavuta mlango uliokomewa, na kipande cha juu kinapinda. Bandika karatasi kwenye swichi: KOMEO LIMEFUNGWA.

Mlango unashuka kisha unarudi juu wenyewe

Usiukasirikie. Mara nyingi unakuokoa.

Pande mbili za mlango, chini, kuna macho mawili yanayotazamana: moja linatuma mwali, jingine linaupokea. Mwali ukikatwa wakati mlango unashuka, mlango unarudi. Marekani iliweka sheria kwamba mota za milango ya gereji za majumbani zilizotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya namna hii, baada ya watoto kadhaa kubanwa na kufa. Macho hayo hayatakiwi kuzidi sentimeta 15 kutoka sakafuni, na sababu ni mtoto anayetambaa au aliyelala.

Kama mlango unarudi na hakuna kitu njiani, futa macho yote mawili kwa kitambaa laini. Vumbi la uani na utando wa buibui ndio wahalifu wakubwa. Kisha tazama taa zake ndogo: ikiwa moja inapepesa au imezimika, macho hayatazamani. Legeza skrubu ya kishikizo, geuza polepole mpaka taa itulie, kaza. Kama tatizo linatokea jioni tu na mlango unatazama magharibi, jua linaingia moja kwa moja kwenye jicho linalopokea. Badilishana nafasi za macho mawili hayo, au lizungushie kipande kifupi cha bomba kama kofia.

Ikiwa mlango unafika sakafuni, unagusa, ndipo unarudi, macho hayahusiki. Kuna kokoto kwenye kizingiti, reli imepinda, au mpangilio wa mwisho wa safari umeharibika. Mpangilio huo una maelekezo kwenye kijitabu cha mota.

Na hapa niseme wazi. Mota nyingi zinakuruhusu kushikilia swichi ya ukutani bila kuiachia ili mlango ushuke hata macho yakiwa na hitilafu. Hiyo ni kwa dharura, ukiwa umesimama unautazama mlango mpaka mwisho. Nimekuta nyumba ambako ndiyo desturi ya kila siku. Nimekuta vilevile macho yote mawili yamefungwa juu darini, yakitazamana kwa ukaribu wa mkono, ili "yasisumbue". Kwenye gereji yenye mlango mmoja, kila mtu anapita chini ya mlango huo huo: mtoto na baiskeli, dada wa kazi na ndoo, wewe na mzigo. Kufunga macho darini ni kuwaondolea wote hao kinga.

Baada ya kurekebisha, jaribu. Laza ubao wa unene wa karibu sentimeta 4 sakafuni, katikati ya njia ya mlango, kisha funga. Mlango ukigusa ubao unatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Usiporudi, chomoa mota kwenye soketi na uite fundi. Fanya jaribio hili kila mwezi.

Mlango hausimami ukiuachia nusu

Ukiwa chini kabisa, vuta kamba, nyanyua mlango kwa mkono mpaka usawa wa kiuno, legeza mikono bila kuiondoa. Mlango wenye uwiano mzuri unabaki pale pale au unasogea kidogo sana. Ukishuka kwa uzito, springi zimechoka, na siku utakayokwama ndani hutaweza kuunyanyua.

Springi za kawaida huhesabiwa kwa mizunguko 10,000, kila mzunguko ni kufungua na kufunga. Nyumba inayotumia mlango mara nne kwa siku inaifikisha karibu mwaka wa saba. Nyumba isiyo na mlango wa pembeni haiutumii mara nne. Kila anayefuata fagio au mwavuli anaupandisha mlango mzima. Mizunguko minane kwa siku ni miaka mitatu na nusu.

Kubadilisha springi ya kujinyonga si kazi ya kujifunzia kwenye video. Imebeba nguvu ya kunyanyua mlango wote, na skrubu za kwenye koni yake, kile kipande cha chuma kinachoibana mwishoni, zikilegezwa vibaya, nondo ya kukazia inaruka na kuvunja mkono au taya. Nimeona mkono wa mwenzangu baada ya hapo. Kwa zile springi ndefu za kuvutika zilizo juu ya reli za pembeni, hakikisha tu kuna waya wa usalama umepita katikati ya kila moja, ili ikikatika isiruke hewani kama mjeledi.

Unalazimika kukimbia ili utoke kabla mlango haujafika chini

Chanzo ni kimoja: kitu pekee cha kufungia kiko ndani. Unabonyeza swichi, unakimbia, unaruka mwali wa macho, unainama. Mwili wa miaka thelathini unaweza, wa miaka sabini unaanguka. Funga kibodi cha namba au swichi ya ufunguo kwenye ukuta wa nje, uwe unatoka kwa utulivu, unageuka, unafunga huku ukitazama. Swichi ya ndani ikae angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni, watoto wasiifikie, na mahali ambapo anayebonyeza anauona mlango wote.

Rimoti kutofika mbali kwa kawaida ni betri tu. Badilisha.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu ukiwa gerejini

Zima injini, fungua mlango, toka nje mara moja. Tafuta chanzo ukiwa nje.

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku akipumua. Dalili za mwanzo hufanana na uchovu au malaria inayoanza, kisha usingizi unakuja. Gereji isiyo na dirisha wala mlango wa pili inaihifadhi gesi hiyo kama chupa. Usipashe injini joto ndani, hata mlango ukiwa wazi. Washa, toa gari, kisha usubiri nje. Genereta isiwashwe humo kamwe. Iwekwe nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Angalia jinsi mambo yanavyokutana: umeme unakatika, mtu anawasha genereta gerejini, na mlango pekee ni ule unaohitaji umeme.

Betri ya akiba inatosha?

Inasaidia sana. Jimbo la California lilianza kudai betri ya akiba kwenye mota mpya za milango ya gereji za majumbani kuanzia 1 Julai 2019, kwa sababu kwenye mioto ya nyika ya 2017 umeme ulikatika na kuna watu walishindwa kufungua milango ya gereji zao wakafa. Ukinunua mota leo, chukua yenye betri, na kila mwezi ichomoe kwenye soketi uone kama mlango bado unapanda. Lakini betri hainyanyui mlango wenye springi iliyokatika, wala haikusaidii gari likiwaka moto kati yako na mlango.

Kwa hilo la mwisho, kinachotibu ni mlango wa watu. Kwenye mageti yetu hakuna anayeweka geti kubwa bila geti dogo. Sioni kwa nini gereji iwe tofauti. Toboa ukuta wa pembeni, mbali na mlango mkubwa, upana wa sentimeta 80 au 90, uweke lenta (boriti ya kubeba ukuta) juu kabla ya kuvunja matofali yote, na mlango ufunguke kwa nje. Kwa ndani uwe na kitasa cha kugeuza kwa mkono, usiohitaji ufunguo kutoka. Mlango mdogo ndani ya mlango mkubwa wa vipande upo pia, ila ununue uliotengenezwa hivyo kiwandani, wenye swichi inayozuia mota kama mlango mdogo uko wazi. Kukata vipande vya mlango uliopo kunaudhoofisha na kuvuruga uzito wa springi.

Mzee wa Tabata aliweka mlango wa pembeni wiki mbili baada ya usiku ule, upande wa mwembe. Kamba nyekundu nayo ilirudi. Ufunguo wa kitasa cha nje yuko nao yule jirani aliyesikia spana.